Ngoma Ikitundikwa Hunyamaza

Katika karne za 17 na 18, wasanii wengi wa Ulaya walifuata kanuni za Wagiriki na Warumi wa kale. Huo ndio urasimi. Kisha ukaja ulimbwende, uliothamini nyimbo na ngano za watu wa kawaida. Mwaka 1812 Wajerumani wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapisha ngano walizokusanya.

Hapa Kisesa, Padre David Clement, Mkanada, alikusanya ngoma na zana za watemi; Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, yakaanzishwa mwaka 1968. Lakini ngano huhifadhika kitabuni. Ngoma ikitundikwa ukutani hunyamaza. Ndiyo maana nasema: siku ya Bulabo, Wagalu na Wagika wanaposhindana, wapelekeni watoto wakacheze, si kutazama tu.