Misuli ya Makalio na Namna ya Kuiimarisha

Msuli mkubwa kuliko yote mwilini mwa binadamu hauko mkononi wala kifuani, bali uko kwenye makalio. Wengi huyadhania makalio kuwa ni mto wa kukalia tu, ilhali ndiyo yatuwezeshayo kuinuka, kupanda mlima na kukimbia.

Kila upande una misuli mitatu iliyopandana. Ule mkubwa huvuta paja nyuma na kuunyosha mwili. Ule wa kati na ule mdogo huizuia nyonga isiinamie upande mmoja tunaposimama kwa mguu mmoja, jambo litokealo katika kila hatua tunayopiga. Mwaka 1895, daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg alieleza kwamba misuli hiyo ikidhoofika, nyonga hushuka upande wa mguu ulioinuliwa.

Wanafunzi waweza kufanya jaribio jepesi. Weka kiganja juu ya kalio, utembee mahali tambarare, kisha upande ngazi. Utahisi msuli ukijikaza zaidi ngazini. Mwaka 2006, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walipima umeme wa msuli mkubwa, wakaona kwamba hufanya kazi kidogo mtu atembeapo tambarare, na kazi kubwa akimbiapo. Kwa hiyo, mwanafunzi akaaye darasani kutwa na kurejea nyumbani kwa mwendo wa polepole hajaupa msuli huo kazi ya kutosha.

Mazoezi matatu yafuatayo hayahitaji chombo chochote cha kununua.

Kwanza, lala chali, kunja magoti, nyayo zikiwa sakafuni. Inua nyonga mpaka mwili unyooke toka mabegani hadi magotini. Tulia kwa sekunde 3, kisha shuka taratibu.

Pili, weka mguu mmoja juu ya kidato imara, upande bila kujisukuma kwa mguu wa chini.

Tatu, lala kwa ubavu, uinue mguu wa juu ukiwa umenyooka, bila kuupindua mwili.

Rudia kila zoezi mara 10 kwa kila upande. Lile la kwanza hufanywa kwa pande zote mbili pamoja. Likiwa jepesi, ongeza idadi au uzito, kwani msuli hukua tu upewapo mzigo uzidio ule uliouzoea. Ukisikia maumivu makali, acha mara moja. Yafaa pia kukumbuka kwamba mazoezi haya hujenga msuli. Hayayeyushi mafuta ya mahali hapo peke yake.

Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 3 kwa juma, na watu wazima angalau siku 2. Nguvu za misuli hupungua kadiri umri unavyoendelea. Ajengaye akiba yake mapema ndiye mwenye matumaini makubwa zaidi ya kuinuka kigodani uzeeni bila kushikwa mkono.