Sauti Inapopita Mfupani

Sikio linalotoa usaha halitaki kuzibwa. Hapo ndipo inapoanzia shida ya watu wazima wengi ambao ngoma za masikio yao zilitoboka utotoni. Wakipewa shimesikio la kawaida, lile ambalo kizibo chake huingizwa tunduni, haipiti muda sikio linalowa, linawasha, usaha unarudi, na kifaa kinaishia kabatini. Kisha wanaambiwa kuwa vifaa haviwasaidii. Sikubaliani kabisa na kauli hiyo, kwa sababu sauti inayo njia nyingine ya kuingilia.

Njia tuliyoizoea ni ya hewani: tundu, ngoma, halafu vifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko hadi kwenye koklea, kiungo cha sikio la ndani kinachoutuma ujumbe kwenye neva. Lakini koklea imo ndani ya mfupa. Fuvu likitikisika, nayo inatikisika. Ziba masikio yote mawili kwa vidole, funga mdomo, kisha uimbe puani: sauti itakujaa kichwani hata kama hakuna hewa inayoingia sikioni.

Daktari wa masikio, pua na koo huitumia siri hiyo kila siku. Anapiga uma wa sauti, mara nyingi ule wa mitikisiko 512 kwa sekunde, anaweka kitako chake kwenye mfupa nyuma ya sikio, halafu anasogeza meno ya uma huo mbele ya tundu. Wapi unasikia zaidi? Mwenye sikio zima atasema mbele ya tundu. Ukisikia zaidi mfupani, huenda kizuizi kipo njiani, kwenye tundu, ngoma au vifupa. Jibu hilo huthibitishwa kwa kipimo cha mashine, kwa kuwa sikio moja likiwa limekufa kabisa, sikio zima la upande wa pili linaweza kuupokea mtikisiko na kumpotosha mpimaji.

Mwenye kizuizi njiani na koklea nzima ndiye hasa anayefaidika na kifaa cha mfupani. Kinasa sauti chake hupokea maneno, mashine huyageuza kuwa mitikisiko, na mitikisiko hiyo hupenya ngozi hadi fuvuni. Tundu la sikio linabaki wazi, linapata hewa. Aina ya zamani hubanwa kichwani kwa mkanda au kwa upinde wa chuma. Hufanya kazi vizuri, ila ili mtikisiko upite lazima ibane, na saa kadhaa za kubanwa huacha ngozi nyekundu na kichwa kikiuma. Aina mpya hutumia kibandiko: unaosha ngozi nyuma ya sikio kwenye sehemu isiyo na nywele, unaikausha vizuri, unabandika, kisha unapachika kifaa juu yake. Usiku unakitoa kifaa na kukiacha kibandiko mahali pake. Wanaojifunga mtandio waujaribu wakiwa kwa mtaalamu, maana kitambaa kikisugua kinasa sauti, mkwaruzo wote huingia kichwani.

Ngozi nayo hula sehemu ya sauti, hasa sauti nyembamba. Ndiyo maana mtu anaweza kusikia kwamba ameitwa, lakini akachanganya "suka" na "shuka". Kifaa cha kibandiko kwa kawaida hulengwa kwa mtu ambaye kipimo chake cha mfupani hakizidi desibeli 25. Koklea ikiwa imechoka zaidi ya hapo, mkanda wenye mashine ya nguvu unaweza kufaa, au skrubu ya titani inayopandikizwa fuvuni kwa upasuaji, njia iliyoanza kutumika kwa wagonjwa huko Gothenburg, Uswidi, mwaka 1977. Uziwi wa uzeeni kwa kawaida unatokana na koklea yenyewe, na mzee wa namna hiyo mwenye masikio makavu atasaidika zaidi na shimesikio la kawaida. Tafadhali msimnunulie vile visikilizio vya mfupani wanavyovaa wakimbiaji. Vimeundwa kuleta muziki wa simu, havikuzi sauti ya mtu aliyekaa mbele yake.

Kifaa hakitibu usaha. Usaha ukinuka vibaya, ukiandamana na kizunguzungu au uso kupinda upande mmoja, nenda kwa daktari upesi kabla ya kufikiria kifaa chochote, na usitie mafuta wala dawa ya kienyeji sikioni. Kuna uvimbe unaokula mfupa taratibu nyuma ya ngoma, na huo mara nyingi hauna dawa ila upasuaji.

Kwa atakayechagua kibandiko, aulize bei yake kabla ya kulipia mashine. Kimoja hukaa kati ya siku 3 na 7, na kwenye joto la pwani jasho hukibandua mapema. Kwa sikio moja hiyo ni kuanzia vibandiko 52 hadi 120 hivi kwa mwaka, na duka lililokuuzia kifaa liwe na uwezo wa kukuletea vingine kila vinapokwisha.