Kioo Kinachotambua Kidole
Kioo cha simu janja hakipimi uzito wa kidole. Chini yake kuna tabaka angavu, jembamba mno, linalopitisha umeme. Ngozi nayo hupitisha umeme. Ikigusa kioo, uga wa umeme hubadilika mahali hapo, na chipu hukokotoa ni wapi. Ukucha mtupu haufui dafu. Maji huvuruga vipimo hivyo, ndiyo maana mkulima wa kahawa wa Karagwe au Kyerwa aliyenyeshewa shambani hupaswa kukausha mikono kwanza.

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Tanzania Mei 2019, nao husoma kidole, ila hutegemea kihisi kinachotofautisha matuta na mabonde ya ngozi. Vidole vilivyosuguliwa na mpini wa jembe kwa miaka mingi husomeka kwa shida, na si kosa la mwenye navyo. Hujaribiwa kidole kingine.