Rilei ya Usalama Si Shauri la Fundi Peke Yake



Kila mwenzetu anapokatwa vidole na mashine, neno la kwanza linalotoka ofisini ni kwamba alikuwa mzembe. Ni mara chache sana kuulizwa swali la pili: je, mashine yenyewe ilikuwa tayari kusimama? Leo tunataka kueleza kifaa kidogo ambacho kazi yake ni hiyo tu, kuhakikisha mashine inasimama inapoamriwa kusimama. Kinaitwa rilei ya usalama. Kimefungwa ndani ya sanduku la umeme, nasi twapita mbele yake kila zamu bila kukiona.

Tuanze na rilei ya kawaida. Hiyo ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Umeme mdogo ukipita katika koili, sumaku huvuta, pointi hugusana, na umeme wa kazi hupita. Umeme mdogo ukikatwa, springi hurudisha pointi na mashine husimama. Mota kubwa huwashwa na kontakta, ambayo ni rilei ile ile iliyonenepa. Lakini kila pointi zinapogusana na kuachana, cheche huruka. Siku mota inapolemewa, au baada ya miaka ya kazi, chuma huyeyuka na pointi hushikana kama zilizochomelewa. Hapo unabonyeza kitufe chekundu, koili inakosa umeme, lakini pointi haziachani. Mashine inaendelea kuzunguka, na mkono wa mtu umo ndani.

Ubaya wake ni kwamba hitilafu ya namna hii mara nyingi haionekani mpaka siku ile kitufe kinapohitajiwa.

Waliobuni rilei ya usalama walikubali mapema kwamba kila kifaa kuna siku kitaharibika. Kwa hiyo ndani yake mna rilei mbili zilizofuatana kwenye njia moja ya umeme, na kila moja peke yake yaweza kuikata. Moja ikishikana, ya pili inasimamisha. Kitufe chekundu nacho huwekewa pointi mbili na nyaya za njia mbili, ili ubovu wa njia moja usimwue mtu. Tena pointi za rilei hizo zimefungamanishwa zitembee pamoja. Pointi ya kazi ikishikana, ile ya kupeleleza haiwezi kurudi mahali pake, na rilei inapojikagua kabla ya mashine kuwashwa tena, inagundua na kukataa. Ikiungwa vizuri huikagua hata kontakta ya mota.

Jambo jingine ni kuwasha upya. Ukikizungusha kitufe chekundu kikaruka nje, au ukifunga mlango wa kinga ambao mtu mzima aweza kuingia, mashine isianze yenyewe. Lazima mtu abonyeze kitufe kingine kwa kusudi, akiwa amesimama mahali anapoona kama kuna mwenzake ndani. Kwa mashine za kukandamiza mabati kuna vitufe viwili, kila mkono chake, na vinatakiwa kubonyezwa pamoja, tofauti isizidi nusu ya sekunde. Hivyo mtu hawezi kukaza kimoja kwa kijiti kisha akatumia mkono mmoja.

Sasa tufike penye ugomvi. Asubuhi mashine inakataa kuwaka, msimamizi anapiga kelele kwamba oda imechelewa, na fundi anaambiwa aiwashe kwa vyovyote. Anachukua kipande cha waya, anairuka rilei, na mashine inanguruma. Kila mtu anafurahi. Lakini ile rilei ilikataa kwa sababu imeona ubovu, na sasa ubovu ungali pale, mlinzi ndiye aliyeondolewa. Katika kiwanda kimoja tulichokitembelea tuliukuta waya kama huo umejaa vumbi. Ulikuwa wa muda, tuliambiwa.

Wala tusijifiche, wako wenzetu wanaolipwa kwa idadi ya vipande ambao hufunga sumaku kwenye swichi ya mlango ili wasipoteze dakika. Twaelewa njaa inayowasukuma, na kwa maoni yetu dawa yake iko katika kiwango cha malipo kuliko katika barua za onyo. Hata hivyo Mkataba Namba 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unasema pande zote mbili: mfanyakazi asilazimishwe kutumia mashine ambayo kinga zake haziko mahali pake, na mfanyakazi naye asizilemaze kinga hizo.

Rilei hii haiwezi yote. Inakata umeme tu, haishiki gurudumu. Magurudumu ya kusaga miwa ni mazito na huendelea kuzunguka kwa nguvu yake yenyewe baada ya kukatwa. Kwa hiyo anayeingia kuzibua au kusafisha asitegemee kitufe chekundu. Swichi kuu izimwe, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao yeye mwenyewe mfukoni, si msimamizi.

Kuhusu lile neno la uzembe, wafanyakazi wa Uganda wajue kwamba sheria ya fidia ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri alipe hata kama mfanyakazi alizembea. Na sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari.

Wajumbe wa matawi, ulizeni mambo haya katika kikao kijacho cha kamati ya usalama. Vitufe vyekundu na kamba za kuvuta kando ya mikanda ya miwa vilijaribiwa lini, na nani? Kuna daftari? Ni rilei ngapi zimerukwa kwa waya hivi leo? Na mafundi wetu, mkiamriwa kuiruka rilei, ombeni amri hiyo kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi ya aliyeitoa, kisha nakala moja mpeni mjumbe wenu.