Kitalu cha Migomba: Kinga au Njia ya Mnyauko?

Ndizi tunazokula hazina mbegu za kupandwa. Migomba ya nyanda za juu ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Zinashindwa kugawanyika sawasawa, mbegu haziundiki, na tunda hujaa bila kuchavushwa. Kwa hiyo Igisahira, ndizi ya kupika, na Igitsiri, ndizi inayokamuliwa kupata pombe ya urwarwa, zimefika Gitega na Muyinga, nchini Burundi, kwa njia moja tu: chipukizi kung'olewa kwa jirani na kupandwa kwingine. Kila mgomba ni nakala ya mama yake, na mara nyingi hurithi pia maradhi yake.

Maradhi yanayoogopwa zaidi ni mnyauko bakteria. Ulielezwa kisayansi Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, ukaingia mkoa wa Kagera, Tanzania, jirani wa Muyinga, na mwaka 2010 ukathibitishwa Burundi. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa ute wa manjano. Wadudu huubeba kwenye ua dume, panga huubeba kutoka shina hadi shina. Ila safari zake ndefu huzifanya ndani ya machipukizi. Mgomba unaweza kuwa na bakteria kabla haujaonyesha dalili, na mkulima akaja na chipukizi la kijani kibichi akidhani amepata mali.

Hapo ndipo kitalu kinapohitajika. Njia ya bei nafuu haitaki maabara. Fundi huchagua chipukizi kwenye shamba lisilo na ugonjwa, huchonga mizizi na udongo mpaka tunguu libaki jeupe. Doa la kahawia au kitobo humwambia kwamba wadudu aina ya fukusi wamepita, na tunguu hilo hutupwa. Yaliyo safi hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, kuwaua minyoo fundo na mayai ya fukusi bila kuivisha tunguu lenyewe.

Kisha hubandua vikonyo vya majani, kimoja kimoja, hadi vijicho vilivyojificha vionekane, na kukata alama ya msalaba katikati ya kilele. Mkato huo ndio kiini cha kazi. Kilele cha mmea hutengeneza homoni ya oksini, inayovizuia vijicho vya pembeni visichipue. Kilele kikiharibiwa, kizuizi huondoka, na vijicho huamka kwa pamoja. Tunguu hufukiwa katika vumbi la mbao lililochemshwa, ndani ya kibanda cha nailoni. Gitega iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Nailoni hutunza joto na unyevu. Baada ya wiki chache tunguu moja huweza kutoa miche 20 au zaidi, ambayo huhamishiwa kwenye viriba chini ya kivuli na kuzoeshwa jua polepole.

Lakini maji ya moto hayafiki kwenye bakteria waliojificha ndani kabisa ya tunguu. Mama akiwa mgonjwa, fundi hodari atazalisha wagonjwa 20 mahali pa mmoja, na kuwagawa kwenye vilima vyote vinavyonunua kwake. Ndiyo maana maabara za chupa, zinazoanza na ncha ndogo ya ukuaji katika mazingira yasiyo na vijidudu, zina nafasi yake. Gitega ndiyo makao ya IRAZ, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo iliyoundwa na Burundi, Rwanda na Kongo, ambayo imekusanya aina nyingi za migomba. Hata hivyo, mche wa chupa nao huanza na mama, na mama huyo lazima apimwe kwanza.

Basi ukienda kununua miche, usitazame majani peke yake. Uliza mama zake wako shamba gani, ukaombe kuliona. Tazama kama ua dume huvunjwa kwa kijiti chenye panda badala ya kukatwa kwa panga, na kama visu hupitishwa kwenye moto au dawa kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mwenye kitalu asiye na majibu, usinunue kwake.