Maumivu ya kiuno: Uliza kwanza kabla ya kulipia tiba ya joto

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara wa mpakani anakijua kiuno chake. Leo anashusha marobota kwenye lori, kesho anakesha kwenye basi. Maumivu yakidumu miezi, huanza kusikia habari za tiba isiyohitaji upasuaji: diski ya mgongo inapashwa joto, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mwenye mtaji mkononi hushawishika haraka.

Tiba hiyo ipo, na inafahamika kama IDET. Ilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Diski ni mto ulio kati ya pingili mbili za uti wa mgongo. Ukuta wake ukichanika, unaweza kuleta maumivu ya muda mrefu. Akiongozwa na picha za eksirei, daktari huingiza sindano ndani ya diski, kisha hupitisha waya mwembamba unaopashwa joto taratibu hadi nyuzi 90 za Selsiasi, kwa takriban dakika 17. Lengo ni kukaza ukuta huo na kuua ncha za neva zinazouma.

Je, inaponya? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulihusisha wagonjwa 64 waliochaguliwa kwa makini. Kati ya waliopata tiba, takriban asilimia 40 walipungukiwa maumivu kwa zaidi ya nusu, lakini karibu nusu hawakuona nafuu ya maana. Mwaka uliofuata, utafiti wa Australia wenye wagonjwa 57 haukuona tofauti kati ya waliopashwa joto na waliowekewa waya usiowashwa. Mwaka 2008, Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilikataa kuilipia.

Kwa hiyo usiuze bidhaa kwa hasara ili kuifuata tiba hii nchi jirani. Muulize daktari: Ana uhakika gani kwamba chanzo ni diski? Wagonjwa wangapi kama wewe walipata nafuu, na kwa muda gani? Isiposaidia, kinafuata nini?

Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Linapendekeza mazoezi, elimu kwa mgonjwa na tiba ya viungo. Mikanda ya kiuno, ambayo wengi wetu huinunua sokoni, halishauri itumike kama tiba ya kawaida. Na mzigo mmoja mkubwa, ukiweza, ugawe mara mbili.

Lakini mguu ukilegea, ukipata ganzi sehemu za siri na makalioni, au ukishindwa kuzuia haja, nenda hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Hapo hakuna kusubiri mzigo uvuke mpaka.