Uliza Kibao Kilifungwa Saa Ngapi

"Kaka, gari umelipeleka wapi?"

Mdogo wangu alisimama mlangoni na kanga yake, usingizi bado umemjaa machoni. Yeye ni muuguzi wa zamu ya usiku katika mji mmoja wa California, nami nilikuwa mgeni wake mwezi wa Juni. Gari sikuligusa, hata leseni ya kule sina. Alhamisi ile alirudi kazini saa 2 asubuhi, akaegesha mbele ya nyumba kama kawaida yake, akaenda kulala. Sasa ilikuwa saa 10 alasiri, na pale lilipokuwa gari palibaki unga wa msumeno na maua ya zambarau yaliyokanyagwa. Wakata matawi wa mji walikuwa wamepita.

Wazo la kwanza lilikuwa wizi. Alikuwa ameshaanza kutafuta namba ya polisi nilipoiona karatasi. Ilifungwa kwa kamba kwenye shina la mjakaranda, ikazunguka ikautazama ukuta wa nyumba badala ya barabara. Marufuku kuegesha Alhamisi, saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni, magari yatavutwa. Tarehe ilijazwa kwa kalamu. Chini kulikuwa na nafasi ya kuandika siku na saa ambayo kibao kiliwekwa. Nafasi hiyo iliachwa tupu.

Huku kwetu mambo haya hutangazwa kwa mdomo. Ukienda harusini Dar es Salaam, mshereheshaji hukatiza muziki kusema mwenye gari namba fulani ameziba njia, akalisogeze. Mtaa ukifungwa kwa turubai la msiba, vijana hugonga mlango kwa mlango, na asiyepatikana gari lake hubebwa kwa mikono hadi pembeni, kisha shughuli huendelea. Hakuna anayetozwa kitu. Marekani sauti hiyo imegeuzwa kuwa karatasi, na karatasi haigongi mlango wa mtu aliyelala baada ya kukesha na wagonjwa.

Jioni hiyo hiyo tulikwenda kwenye yadi ya magari yaliyovutwa. Mimi nilitaka tugome. Yeye, aliyeishi kule miaka tisa, alinyamaza akatoa kadi ya benki, maana kila siku gari linayolala yadini ada inapanda. Alilipa zaidi ya dola 300. Njiani ndipo aliponiuliza: "Sasa kaka, nikishalipa si ndiyo nimekubali kosa?"

Sivyo. Aliyelipa ili apate gari lake hajapoteza haki ya kudai kwamba lilivutwa bila sababu, na mtu aliyelifikisha dai la namna hiyo hadi juu kabisa ana jina: Edwin David wa Los Angeles. Naye gari lake lilivutwa mahali palipokatazwa kuegesha. Akalipa dola 134.50 kulikomboa, kisha akaomba asikilizwe, akidai kwamba miti ilikizuia kibao kisionekane. Jiji lilimsikiliza siku 27 baada ya gari kuvutwa, na afisa msikilizaji akamkatalia. David akaenda mahakamani, si kwa ajili ya miti tena, bali kwa ajili ya zile siku 27: alisema haki inayocheleweshwa hivyo si haki ya kikatiba. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye. Mwezi wa Mei 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia. Kwa maoni ya majaji, gari alikwishalipata. Kilichobaki ni fedha, na fedha inaweza kurudishwa baadaye, tena jiji linahitaji muda wa kuandaa vikao na kuwakusanya wahusika.

Naiheshimu mahakama ile, lakini nadhani ilipima fedha kwa mizani ya mtu mwenye akiba. Dola 134 zilizokaa mwezi mzima kwenye mfuko wa jiji, kwa anayelipwa kwa saa, ni kodi ya nyumba iliyochelewa na faini juu yake.

Bahati nzuri kwa mdogo wangu, sheria ya jimbo inadai zaidi ya kile majaji walichokiona kwenye Katiba. Kifungu cha 22852 cha sheria ya magari ya California kinataka mwenye gari apelekewe notisi ndani ya saa 48, wikiendi na sikukuu zikiwa kando. Akiomba kusikilizwa, kikao kifanyike ndani ya saa 48 nyingine, kwa hesabu hiyo hiyo. Ombi linaweza kutolewa kwa simu, kwa maandishi au kwa kufika mwenyewe. Msikilizaji anaweza kuwa mtumishi wa ofisi ile ile iliyovuta gari, ila asiwe yule aliyeamuru livutwe. Najua mtacheka hapo. Mimi pia nilicheka, nikakumbuka ile methali ya kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere.

Tukakaa mezani kupanga utetezi, na hapo tulikaribia kuharibu kila kitu.

Hoja yake ilikuwa ni kwamba hakuiona karatasi. Kweli hakuiona: ilikuwa imegeuka, naye alikuwa hoi. Lakini hoja ya kutoona ndiyo iliyomwangusha David mwanzoni kabisa, kabla ya Katiba kutajwa. Macho ya mtu hayana shahidi. Ukisema hukuona, afisa atasema ungetazama vizuri, na hakuna wa kuamua kati yenu. Kipo kitu kingine ambacho hakitegemei macho ya yeyote, nacho ni saa.

Kifungu cha 22651 kinaruhusu mji kuondoa gari linapozuia usafi, ukarabati au ujenzi wa barabara, au shughuli nyingine iliyoidhinishwa, iwe gwaride au kupitisha mzigo mkubwa kupita kiasi. Ruhusa hiyo ina sharti lake: vibao vya kuonya kwamba gari litaondolewa viwe vimewekwa angalau saa 24 kabla ya kuliondoa. Vikiwa na saa 23, ruhusa haipo, hata kama ulikiona kibao, ukakisoma, ukakipiga teke. Na hizo 24 ni kiwango cha chini cha jimbo. Washington, D.C., ambako pia wapo Wakenya na Watanzania, vibao vya muda kwenye mitaa ya makazi hutakiwa saa 72 kabla. Penye mita za maegesho, 24.

Basi swali likawa moja tu: karatasi ile ilifungwa saa ngapi? Yadi ilituambia gari lilivutwa saa 7:10 mchana siku ya Alhamisi. Mdogo wangu alikumbuka kwamba Jumatano jioni, alipotoka kwenda kazini, mti ulikuwa mtupu. Kumbukumbu tena. Jirani ana kamera mlangoni, lakini inatazama ngazi zake tu.

Ndipo nilipokumbuka picha ya mama. Mama yetu yuko Arusha, mji ambao mijakaranda yake huchanua mwishoni mwa mwaka, na alikuwa haamini kwamba kule kwa mwanawe inachanua mwezi wa Juni. Jumatano hiyo nilitoka nje nikampigia picha ya mti mzima, kuanzia mizizi iliyopasua saruji hadi maua, nikamtumia. Shina lote lilionekana, halina karatasi wala kamba. Nyuma kulionekana namba ya nyumba. Simu ilikuwa imeandika wakati: saa 11:40 jioni.

Kutoka saa 11:40 ile hadi saa 7:10 ya kesho yake ni saa kumi na tisa na nusu. Tulihesabu mara tatu, mara ya tatu kwa saa za Kiingereza, maana mdogo wangu aliogopa kwamba kikaoni tutachanganya saa zetu na zao.

Ijumaa alipiga simu kuomba kikao. Kilifanyika Jumanne, katika chumba chenye meza moja, mbele ya ofisa wa polisi wa makamo ambaye hakuonekana kuwa na haraka wala uadui. Mdogo wangu alizungumza kwa dakika tano. Hakulalamika kuhusu uchovu wala gharama. Nilimsihi ayaache hayo nyumbani, ingawa yeye ndiye aliyestahili kuyasema. Aliweka picha mezani, akaweka risiti ya yadi yenye saa ya kuvutwa, akaweka picha ya karatasi yenyewe na ile nafasi tupu. Kisha akaomba aonyeshwe kumbukumbu ya mji inayosema kibao kiliwekwa lini.

Ofisa alifungua faili. Ndani yake kulikuwa na kibali cha kukata matawi na orodha ya mitaa. Saa ya kuweka vibao haikuandikwa popote. Aliitazama tena picha ya mjakaranda, akauliza nani aliipiga na kwa nini. Nilijibu kwamba ni ya mama. Sijui kama jibu lile lilisaidia au liliharibu, lakini aliliandika.

Uamuzi ulitolewa papo hapo: sababu za kuvuta gari hazikuthibitishwa. Sheria inasema kikao kikifikia hapo, gharama za kuvuta na kuhifadhi gari zinabebwa na ofisi iliyoamuru. Hundi ilifika kwa posta baada ya majuma matatu, kamili.

Faini ya maegesho iliyobandikwa kwenye kioo ilikuwa kesi nyingine, na watu wengi hujikwaa hapo kwa kudhani kwamba ushindi wa kwanza umefuta vyote. Faini ina ombi lake la mapitio, na muda wake kule California ni siku 21 tangu ilipotolewa. Tuliambatanisha uamuzi wa kikao na picha ile ile. Ilifutwa kwa barua ya mistari miwili, bila neno la pole.

Kama una ndugu kule na gari lake limevutwa wiki hii, mpigie leo. Mwambie akalichukue kwanza, akipige picha kibao kabla hawajakiondoa, akawaulize majirani nani alipiga picha ya mtaa siku iliyotangulia, hata kama ni ya mtoto na baiskeli. Kisha aombe kikao. Siku zake ni 10, nazo zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye notisi, si siku aliyofungua bahasha.